Nyumba ya Mwingereza tuliyoihamisha mto usiimeze, na alama nilizozijua peke yangu

Wakuu, heshima kwenu, wakubwa kwa wadogo.

Mimi ni msomaji wa humu kwa miaka mitatu na sijawahi kuandika hata neno moja. Leo nimejipa moyo. Naandika polepole, uzi huu umenichukua siku nne kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, kwa hiyo mkiona ninarukaruka mnivumilie. Nitakachosema nilikiona kwa macho yangu na kukishika kwa mikono yangu. Sehemu ninapoonekana mjinga nimeziacha hivyo hivyo.

Niko Kisangani, huku Kongo, mtaa (komini) wa Mangobo. Nina miaka ishirini na minne. Shule nilimaliza ya msingi tu, baada ya hapo nikaingia karakana ya mjomba wangu, Tonton Faustin, fundi wa mbao. Vitanda, milango, madawati, ndiyo kazi yetu.

Jambo moja mlijue mapema: mimi si mtu wa kusema. Siyo kiburi. Neno linafika kwenye meno, halafu linarudi. Karakanani wananiita Bubu na nimeshazoea.

Bon, tuingie.

Mwisho wa mwezi wa tisa alikuja karakanani mama mmoja, Mama Aziza. Ni mjane, umri wa kuwa bibi yangu, wa zile familia za Kiislamu zilizofika huku na biashara enzi za zamani. Anaishi ng'ambo ya mto, upande wa kushoto. Unavuka kwa pirogi, yaani mtumbwi, unashika barabara ya Opala, halafu unakata kuelekea mtoni.

Alikaa kwenye benchi tulilokuwa bado hatujalipiga randa, akamwambia Tonton:

"Faustin, mto iko inakula kiwanja yangu. Kapita amenipa ingine huku juu, karibu na barabara. Njoo unihamishie nyumba."

Kapita ndiye mkuu wa kijiji kwetu.

Tonton alicheka kidogo kwa heshima. Akamweleza kwamba nyumba haihamishwi. Inabomolewa. Mbao nzima zitapasuliwa, na atajengewa kanyumba kazuri ka vyumba viwili.

Mama Aziza akasema, "Sikuomba mbao. Nimesema nyumba."

Halafu akaeleza shida yenyewe. Kile kiwanja cha barabarani kinatakiwa na watu wengi, na kapita hashikii mtu kiwanja kitupu. Alimpa mpaka mwisho wa mwezi wa kumi. Siku hiyo ikifika bila nyumba kusimama, kiwanja kinakwenda kwa mwingine. Mama Aziza angelazimika kuacha shamba lake la mihogo na kahawa, aje mjini kulala kwenye chumba cha nyuma kwa binti yake.

"Kule kwa binti yangu nitakuwa mugeni mpaka kufa," alisema.

Tonton alikuwa na oda ya madawati ya shule. Akanigeukia: "Bubu, kesho uende uangalie."

Kesho yake nikaenda.

Wakuu, sikuwahi kuona nyumba kama ile. Kwa mbali ilionekana ina mistari, mbao nyeusi na ukuta mweupe, nyeusi na nyeupe, kama miguu ya okapi. Ilikuwa na ghorofa, na ghorofa ya juu imetoka nje kuliko ya chini, kiasi cha mkono mmoja kutoka kiwikoni.

Mama Aziza alinisimulia habari zake. Aliijenga Mwingereza mmoja aliyekuwa akilima kahawa. Nyumba za mashamba za Wabelgiji hakuzitaka, alitaka nyumba ya shamba kama ile aliyozaliwa kwao. Msimamizi wa mafundi alikuwa baba mkwe wa Mama Aziza. Mwingereza alipoondoka alimwachia nyumba. Ndiyo maana ikawa yao.

Nilizunguka pale siku nzima. Sikukaa chini hata mara moja.

Nguzo ni za kambala, mti mgumu ambao mchwa wanauogopa. Nene kama kiuno cha mtu. Hazikuchimbiwa ardhini kama zetu. Zimesimama juu ya boriti nene iliyolala juu ya matofali, kwa hiyo mguu wa nguzo haugusi udongo.

Na nguzo zenyewe zimegeuzwa kichwa chini, upande wa mizizi uko juu. Nilidhani ni kosa la fundi. Kupanda ghorofani nikaona sababu: shina ni nene zaidi kwenye mizizi, na kule juu ndiko boriti tatu zinapokutana kwenye nguzo moja. Unene unahitajika huko.

Kwenye kila kona kuna mbao za mshazari, sisi tunaziita mikono. Zinashika nguzo na boriti ili nyumba isilale upande mmoja upepo ukija.

Kati ya nguzo na nguzo, mjue kuna nini? Fito na udongo. Potopoto ileile ya kwetu, imechanganywa na majani makavu, halafu imepakwa chokaa. Nikacheka peke yangu. Mwingereza na babu yangu walikuwa wanajenga ukuta mmoja.

Kitu cha kuchekesha zaidi ni bomba la moshi. La matofali, limepita katikati ya nyumba mpaka juu ya paa, na chini yake mahali pa kuotea moto. Kisangani hapa, jamani, mtu aote moto gani? Mama Aziza alikuwa anakaushia samaki humo.

Misumari hakuna. Nilitafuta. Kila mbao ina ulimi unaoingia kwenye tundu la mbao nyingine, halafu kigingi cha mti kinapigwa kupita katikati. Basi.

Upande wa mto ndio uliokuwa mbaya. Marehemu mume wake aliupaka simenti ili upendeze kama wa mjini. Potopoto inapumua, maji yakiingia yanatoka. Simenti iliyafungia ndani. Nilichoma kisu kwenye boriti ya chini, kikaingia kama kwenye ndizi iliyoiva. (Wenye nyumba za miti na udongo, muogopeni huyo rafiki anayeitwa simenti.)

Kutoka ukuta huo mpaka ukingo wa mto nilihesabu hatua kumi na moja. Nililala kijijini; asubuhi zilikuwa kumi.

Sasa zile alama.

Kwenye kila kiungo, penye ulimi na tundu, palikuwa na mikwaruzo ya patasi. Kimstari kimoja huku, kimoja kule. Pengine viwili kwa viwili. Pengine V. Nguzo moja ilikuwa na X kubwa, na chini yake shimo la zamani lililofukiwa.

Nikamuuliza Mama Aziza kwa kuonyesha kidole. Akasema shemeji yake alichimba hapo kutafuta hazina ya Mzungu, kwa sababu X maana yake "chimba hapa". Alichimba wiki nzima akapata chupa.

Kijijini wote walijua kwamba zile ni alama za hazina, au za uchawi. Shuleni tulifundishwa namba za Kirumi, lakini nne tuliandika I na V. Hapa palikuwa na mistari minne imesimama tu. Nikaona siyo namba.

Mchana nikiwa natafuna muhogo ndipo nikaona kwamba mistari minne ya nguzo imetazamana na mistari minne ya boriti. Na kiungo kinachofuata ni V na V. Kinachofuata, V na kimstari kimoja. Nilizunguka nyumba nzima nikihesabu kwa midomo. Upande wa kulia kila namba ina kimkia kidogo, upande wa kushoto haina.

Ilikuwa orodha. Ile nyumba ilikatwa mahali pengine, kila mbao ikaandikwa mwenzake ni nani, ndipo ikaja kusimamishwa. Kama ilikuja kwa vipande, inaweza kuondoka kwa vipande.

Nilitoa kigingi kimoja kwa nyundo, nikavuta mkono wa kona, ukatoka. Nikaurudisha. Uliingia na kutoa sauti ndogo, kama mlango unapofungwa vizuri.

Kigingi sikukirudisha.

Nikarudi Mangobo na kile kigingi mfukoni. Nilikiweka juu ya meza ya Tonton.

"Haina misumari," nikasema.

"Hata moja?"

"Hata moja."

Alikigeuzageuza muda mrefu. Halafu akauliza, "Utajua namna gani ipi inaenda wapi?"

Wakuu, hapo ndipo nilipokosea. Nilikuwa na maelezo yote kichwani, ya mistari, ya V, ya vimkia. Nikaona ni maneno mengi mno. Nikajibu neno moja tu.

"Najua."

Tonton akasema bon, chukua Dieumerci muende.

Dieumerci ni fundi mwenzangu, wa umri wangu. Anasema kwa ajili yake na kwa ajili yangu pia. Fundi mzuri, ila hawezi kuona mbao chafu akaiacha. Ni ugonjwa wake.

Tulibomoa kwa siku tisa. Majirani walikuja na kamba, Mama Aziza akapika lituma, ndizi za kuponda, na samaki kila mchana. Mabati yalishuka kwanza, halafu kenchi, halafu ghorofa. Potopoto tuliipiga ikaanguka yenyewe. Kila mbao ilipakiwa kwenye mkokoteni na kusukumwa juu mpaka kiwanja kipya.

Dieumerci aliniona nikipitisha kidole kwenye zile alama. Akaniuliza, "Bubu, nawe uko unatafuta hazina?" Watu wakacheka. Nikacheka nao.

Ningeweza kumwambia siku ile. Nilikuwa na siku tisa za kumwambia.

Hatua za kufika mtoni zikawa sita, halafu nne.

Ile boriti ya chini iliyooza ilihitaji nyingine. Nikavuka kurudi mjini kutafuta gogo la kambala na wapasuaji wa kulinyoosha, pamoja na vigingi vipya. Siku nne. Dieumerci akabaki kulinda mbao.

Niliporudi na boriti mpya nilimkuta amekaa juu ya rundo, anapangusa jasho, ana furaha.

Mbao zote zilikuwa zinang'aa. Nyekundu, laini, hazina doa. Alikuwa amepiga randa nguzo zote, boriti zote, mikono yote, pande zote nne. Na alikuwa amezipanga upya, ndefu na ndefu, fupi na fupi.

"Angalia, Bubu," akasema. "Kama bibi harusi. Nimeondoa masizi ya miaka yote. Na ile mikwaruzo ya kichawi nimeiondoa pia, Mama Aziza alale vizuri."

Nilipita kwenye rundo nikigeuza mbao moja baada ya nyingine. Hakuna mstari, hakuna V. Chini ya miguu yangu maganda ya randa yamejaa kama majani, na alama zangu zote zimo humo.

Niliweka vigingi chini, nikaondoka.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na saba mwezi wa kumi uishe.

Nilikwenda mpaka barabarani. Ndugu wa mama yangu wako Opala, nilifikiri nitapanda pikipiki yoyote nipotee huko mpaka watu wasahau. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Pikipiki ya kwanza ilijaa mizigo. Ya pili ilikuwa inaenda upande mwingine. Nikaanza kutembea kwa miguu, nikarudi, nikatembea tena. Mtu angeniona angedhani nimepotewa na mbuzi.

Dieumerci akaja na baiskeli ya jirani. Aliitupa chini.

"Unakimbia?"

Niliinua ile baiskeli nikaisimamisha.

"Mama Aziza ananiuliza Bubu ana nini, sina jibu. Mimi nimefanya nini? Sema."

Neno likafika kwenye meno. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba zile zilikuwa namba. Halafu nikamwambia yote, ya nne ya mistari minne, ya X kuwa kumi, ya vimkia vya kulia. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mtu mmoja.

Alikaa chini kwenye vumbi.

"Na ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Nilidhani atanipiga. Uso wake ulibadilika kabisa.

"Mimi nilikosa kwa randa," akasema. "Weye ulikosa kwa kinywa. Mutu anajua kitu, anakaa nacho kama mate, halafu anakasirikia wenzake kwa sababu hawakijui. Unatuona sisi wajinga, Bubu? Ndiyo maana hutuambii?"

Hilo lilinichoma, wakuu. Maana mimi siku zote nilijihesabu mnyenyekevu. Sikujua kwamba kwa mtu wa upande wa pili ukimya wangu ulionekana dharau.

Nikamwambia hapana, sikuwaona wajinga. Nikamwambia naogopa tu. Akaniuliza naogopa nini, na hata leo sijui.

Halafu akasema polepole, kama mtu anayejisemea:

"Lakini randa haiingii ndani ya tundu."

"Nini?"

"Nimepiga nje tu. Tundu na ulimi sikugusa. Ningewezaje?"

Tulirudi tukisukuma ile baiskeli, karibu tukimbie.

Alichosema ni kweli. Ndimi zote zilikuwa nyeusi kama mwanzo. Na ndimi zile zilikatwa kwa mkono, kila moja kwa tundu lake. Moja ni nene kidogo upande mmoja, nyingine imekatwa mshazari kidogo kufuata tundu lililopinda. Ulimi wa namba saba hauingii tundu la namba nane hata ukiupiga nyundo.

Donc, basi, kazi ikawa kujaribisha kila mbao kwa kila tundu.

Jioni ile tulijaribu ishirini na kitu, hakuna iliyoingia sawasawa. Asubuhi tukaanza tena. Mkono mmoja ukakataa nguzo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ukaingia, ukakaza. Dieumerci alinishika bega.

Tulipata moja. Zilibaki nyingi sana, sitaki hata kuwatajia.

Wawili tusingemaliza. Nikajua itabidi niwaeleze majirani wote, na ni mimi wa kuwaeleza, kwa sababu Tonton alikuwa ameanguka na malaria huko Mangobo.

Mama Aziza akawaita. Walikuja kama watu kumi na tano. Nilisimama mbele yao na ulimi wa mbao mkononi. Nilieleza. Nilirudia mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hakuna aliyenisikia.

Mzee mmoja akauliza, "Na ile X?"

"Ni kumi, papa. Nguzo ya kumi."

Watu wakamgeukia shemeji wa Mama Aziza, yule mchimba hazina. Alikuwa anaangalia mawingu. Walimcheka mpaka wengine wakakaa chini, na yeye mwenyewe mwishowe akacheka. Kazi ikawa nyepesi baada ya hapo.

Tulilaza ukuta mmoja mmoja chini kwenye uwanja, tukajaribisha, tukapata, tukaandika. Safari hii alama tulizikata kwa patasi mpaka ndani, na kila mtu aliyekuwepo, hata watoto, alijua maana yake. Niliwaambia hata wasiouliza.

Kitu kingine kidogo, kwa mafundi waliomo humu. Ulimi ukishaingia, tundu la kigingi la mbao hii na la mbao ile hayatazamani sawasawa, yamepishana kama unene wa shilingi. Dieumerci akachukua keekee anyooshe. Zamani ningeangalia tu. Nikamwambia usitoboe, yamepishanishwa makusudi, kigingi kikipita hapo kinavuta kiungo kikaze zaidi. Akaniangalia, akaweka keekee chini.

"Bubu ameanza kuwa mkubwa," akasema. "Tutakoma."

Siku ya tatu kabla ya mwisho wa mwezi tulikuwa tayari kusimamisha.

Ukuta wa mbao nzito namna ile unainuliwa na watu wengi kwa pamoja, kama kuvuta pirogi kutoka msituni. Lazima awepo mtu mmoja wa kuita, wengine wanaitikia na kuinua. Wakiinua bila sauti moja, huyu mapema, yule amechelewa, mbao inageuka na kuvunja mtu mguu. Mwitaji anatakiwa asimame pembeni na aone pande zote, na ajue kila ulimi unaingia wapi.

Nilimwangalia Dieumerci. Ana sauti kubwa, nilifikiri ataita. Alikwenda kushika kona ya mbali kabisa, akainama, akanipa mgongo.

Watu ishirini wameinama, mikono chini ya mbao, wananingoja. Mama mmoja akauliza kama tumekuja kusali.

Nikaita, "Tombola!" Yaani inueni. Sauti ilitoka nyembamba kama ya kifaranga. Watoto wakacheka.

Nikaita tena, kwa nguvu zote.

"Tombola!"

"Likolo!" wakaitikia, juu. Mbao ikapanda mpaka magotini.

"Tombola!"

"Likolo!"

Kiunoni. Begani. Wengine wakachukua miti mirefu ya kusukumia. Niliita mpaka koo likawasha. Ndimi za chini zikaingia kwenye matundu tuliyochonga kwenye boriti ile mpya, moja, mbili, zote, na ukuta ukasimama wima wenyewe, ukitetemeka kidogo.

Siku mbili tukasimamisha zote nne. Ghorofa ikakaa juu, imetoka nje vilevile. Mkono mmoja hatukuupatia mahali mpaka leo, uko ukumbini watu wanaukalia.

Kule chini kwenye kiwanja cha zamani, mto ulikuwa umeshachukua matofali ya msingi, na bomba la moshi lilikuwa limelala ndani ya maji. Tulikwenda kuangalia mara moja tu, tukarudi kazini.

Siku ya mwisho wa mwezi ikafika. Mvua ilikuwa inanyesha na kuacha. Kenchi zilikuwa zimesimama, mabati yalikuwa upande mmoja tu. Ukuta hata mmoja haukuwa na udongo. Ukisimama barabarani unaona mpaka mihogo ya nyuma.

Kapita akaja na watu wawili. Mmoja wao ndiye aliyekuwa anakitaka kile kiwanja, alikuja na viatu vizuri.

Kapita alizunguka. Si mtu mbaya, ila ni mtu wa neno lake. Akasimama mbele ya nyumba, mwavuli mkononi.

"Mama Aziza," akasema, "nilisema nyumba. Mimi naona mifupa."

Yule wa viatu akatikisa kichwa kukubali.

Mimi nilikuwa juu ya ngazi na nyundo. Nilitaka kushuka nieleze habari ya fremu, kwamba nyumba hii ni hiyo mifupa, udongo ni nguo tu. Mama Aziza akawahi.

Alikuwa ndani. Naandika "ndani" ingawa tulikuwa tunamwona wote. Alikuwa ameketi kwenye kigoda nyuma ya fremu ya mlango, pale mlango ungekuwepo, anachambua mchele. Hakuinuka.

"Kapita," akasema, "weko unasema na mimi kutoka nje namna gani? Mutu anafika kwa mutu, haanzi na salamu?"

Kapita alisogea hatua moja mbele.

Mvua ikaanza tena. Kapita amesimama mbele ya mlango usiokuwa na mlango, angeweza kupita kokote, kushoto au kulia, katikati ya nguzo. Hakupita. Aliangalia nguzo, akaangalia watu wote waliokuwa wanamwangalia. Alifunga mwavuli.

"Hodi," akasema.

Mama Aziza aliendelea na mchele wake kidogo.

"Karibu, kapita. Angalia kizingiti, iko juu."

Akainua mguu, akavuka kizingiti, akaingia. Wakampa kigoda. Yule wa viatu alibaki nje kwenye mvua, hakuna aliyemkaribisha, halafu akaondoka.

Kapita hakusema tena habari ya kiwanja, maana mtu hapigi hodi kwenye mifupa. Alikula, akaaga, akatoka kupitia mlangoni.

Potopoto tuliijaza wiki zilizofuata, wanawake wa kijiji na sisi. Simenti hakuna hata kiganja. Tonton alipopona akaja, akazunguka, akagonga kila kigingi kwa kidole. Aliniuliza habari za zile alama nami nikamweleza mpaka akaomba maji.

Nilichojifunza ni kidogo, wakuu. Zamani niliona mtu asiyesema hamkosei mtu. Sasa najua kuna watu walikaribia kukosa nyumba kwa sababu mimi niliona haya. Bado naona haya. Hata sasa kidole kinaogopa kubonyeza kutuma. Ila nikijua kitu kinachomhusu mwenzangu, nakisema, hata kwa sauti ya kifaranga.

Kama kuna fundi humu amewahi kuona nyumba za namna hii, ya Mwingereza au ya yeyote, anisaidie jambo moja: ule mkono uliobaki ungekuwa wa wapi? Ulimi wake umekatwa mshazari pande zote mbili. Na wale wakimya wenzangu mnaosoma bila kuandika, najua mpo wengi. Andikeni hata mstari mmoja. Nitawajibu wote, ila polepole.